Gongo, Shaba na Reli: Historia ya Mafundi Wasio na Majina

Gongo ina majina kibao mtaani. Wengine wanaiita moshi, wengine machozi ya simba, wengine supu ya mawe. Ukivuka mpaka, Kenya ni chang'aa na Uganda ni waragi. Lakini yule fundi aliyeokota bomba la shaba kwenye chuma chakavu, akalikunja mizunguko mitano, akaliunganisha na pipa, huyo hana jina popote. Kwenye vitabu vya shule hayumo. Mahakamani anaitwa mshtakiwa tu. Leo ni zamu yake.

Anzia Gulwe, wilaya ya Mpwapwa. Ni kituo cha Reli ya Kati, kati ya Kilosa na Dodoma, kwenye kile kipande ambacho mafuriko yamekikata mara nyingi mpaka treni zinasimama. Kabla ya reli, Ugogo kulikuwa na pombe siku zote, ila ilikuwa ya kuchachusha. Mtama au uwele, chungu cha udongo, siku chache, watu wanakaa wanakunywa. Nguvu yake ni ndogo na haikai, ikizidi siku inakuwa siki.

Gongo ni kitu kingine. Hiyo inakenekwa: unachemsha pombe iliyochacha, unakamata mvuke wake, unaupoza unarudi kuwa maji. Kilevi kinachemka kwenye nyuzi 78 wakati maji yanangoja 100, kwa hiyo kilevi ndicho kinachotangulia kutoka. Kila kitu kinategemea chombo.

Ujuzi wenyewe Afrika Mashariki unahusishwa sana na askari wa Kisudani walioletwa na wakoloni. Wajerumani waliwachukua kule Cairo mwaka 1889 kuja kupigana pwani ya Tanganyika. Waingereza nao walikuwa na wa kwao, ambao vizazi vyao ndio Wanubi wa Kibera, na kinywaji chao kilivuma Nairobi kwa jina la jini ya Kinubi.

Reli ndiyo iliyoleta vyuma bara. Wajerumani walianza kujenga Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma 1914. Nyuma ya treni yakaja madebe ya mafuta ya taa, mapipa, mabomba, nati, na watu wanaojua kuvitumia. Mahali ambapo zamani ungehitaji chungu juu ya chungu na mwanzi wa kupitishia mvuke, sasa pipa na bomba vinamaliza kazi.

Kwa nini shaba? Fundi hakusoma kemia, lakini aliona. Shaba inapitisha joto haraka, kwa hiyo mvuke unapoa upesi kwenye beseni la maji. Inakunjika bila kupasuka. Na inanasa ile harufu ya salfa, kama ya yai viza, inayotoka kwenye pombe iliyochacha. Ndiyo maana hata viwanda vikubwa vya wiski kule Scotland mpaka leo vinatumia mitambo ya shaba.

Tofauti ni kwamba kiwanda kinanunua shaba mpya. Fundi wa porini anachukua bomba la friji bovu au la nyumba iliyobomolewa, anaunga na viungio vya brasi, anaziba kwa kulehemu. Hapo ndipo noma ilipo. Risasi ya kulehemea ya zamani ilikuwa mchanganyiko wa bati na madini ya risasi, na hata brasi nyingi huwa na risasi kidogo. Marekani walijifunza hili kwa machungu: watu waliokenekea kwenye rejeta za magari walikuwa wanapata sumu ya risasi. Haikujulishi kwa harufu. Inakaa mwilini, inaharibu figo na mishipa ya fahamu, na kwa mama mjamzito inamfikia mtoto.

Sasa njoo kwenye sheria. Enzi za Mwingereza, pombe kali ilikuwa ya Mzungu na Mwafrika alikatazwa. Uhuru ukaja, na mwaka 1966 Bunge likatunga Sheria ya Moshi. Jina hilo halina uhusiano na mji wa Kilimanjaro, ni moshi huu huu wa kunywa. Na haikusema gongo ife. Ilisema asiye na leseni asitengeneze. Uganda walitangulia mwaka 1965 kwa sheria ya enguli: mkenekaji wa kijijini apate leseni, auze kiwandani, kiwanda kisafishe na kuweka kwenye chupa. Ndiyo Uganda Waragi. Bongo tuna Konyagi yenye kilevi cha asilimia 35, inauzwa baa mchana kweupe.

Leseni ilimfaa mwenye kiwanda. Mama wa kijijini aliyekuwa anasomesha watoto kwa pipa moja alibaki na polisi. Mpaka leo, kukutwa na gongo ni kosa, na kukutwa na mtambo ni kosa pia.

Kenya walipiga marufuku chang'aa kabisa mwaka 1980. Watu hawakuacha, walijificha. Novemba 2000 zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi na wengine wakapofuka baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, kemikali ya viwandani. Kabale, Uganda, yaliwakuta hayo hayo mwaka 2010. Mwaka huo huo Kenya ikabadili sheria na kuruhusu chang'aa itengenezwe kwa leseni na kwa viwango.

Methanoli ile iliongezwa na wafanyabiashara waliotaka hela ya haraka, haikutoka kwenye bomba la fundi. Risasi, hiyo inatoka kwenye bomba. Sumu zote mbili zinapimika, ila hakuna anayepeleka maabara kitu kitakachomfunga. Miaka 60 baada ya sheria, mtambo bado unafichwa korongoni, na anayekunywa hajui umeungwa na nini.

Haya wadau, leseni ishuke mpaka kijijini au marufuku iendelee? Tupieni maoni hapo chini.