Dakika Arobaini

Tarehe 13 Januari 1976, Ray Kurzweil aliwaita wanahabari akawaonyesha mashine inayosoma kitabu kwa sauti. Unalaza ukurasa juu ya kioo kama unayepiga fotokopi, mashine inatambua herufi, kisha inatamka. Jioni hiyo hiyo Walter Cronkite, mtangazaji mkubwa wa habari Marekani, aliiachia mashine imfungie taarifa badala ya kuifunga mwenyewe. Stevie Wonder akasikia, akawa kati ya watu wa kwanza kuinunua. Bei ilikuwa kama dola 50,000. Kwa hivyo tuelewane mapema: ilikuwa ya kusoma, lakini haikuwa ya mtoto wa shule.

Mwaka huo shule ya wasioona ya Thika, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka wa 1946, ilikuwa inatimiza miaka 30. Mashine ya mtoto asiyeona wa Kenya, wakati huo na kwa miaka mingi baadaye, ni Perkins: taipureta ya breli ya chuma, karibu kilo tano, vidude sita vya nukta, na makelele ambayo mtu akiandika insha usiku bweni lote linajua. Ilianza kuuzwa 1951. Haijui umeme ukipotea.

Nimeifuatilia historia hii kidogo kwa sababu ya kazi (nahariri manukuu ya video mtandaoni, ndiyo inalipa kodi ya nyumba), na zaidi kwa sababu ya jamaa niliyepakana naye hosteli kabla sijaachana na chuo. Nitamfikia. Kwanza lazima tupitie kwa Dennis Klatt, kwa sababu bila yeye hakuna sauti.

Klatt alikuwa mtafiti wa MIT aliyechunguza jinsi koo na mdomo wa binadamu unavyotengeneza sauti. Hakurekodi mtu akisoma maneno. Aliandika kanuni: irabu hii inavuma kwa masafa haya, konsonanti hii inayakata hivi, na kompyuta inajenga neno kutoka mwanzo, hata neno ambalo haijawahi kusikia. Kampuni ya Digital ilitoa kifaa kiitwacho DECtalk mwaka wa 1984 kilichojengwa juu ya kazi yake, na sauti zake zilipewa majina. Paul alitokana na sauti ya Klatt mwenyewe, Betty na ya mkewe, na Kit, sauti ya mtoto, na ya binti yake. Ukiwahi kumsikia Stephen Hawking, umewahi kumsikia Klatt. Alikufa kwa saratani 1988, na sauti yake ikabaki ikifundisha fizikia kwa miaka 30 mingine.

Kupata sauti ni jambo moja. Kuiambia sauti ni nini kiko kwa skrini ni jambo lingine, na hapo ndipo anaingia Ted Henter, Mmarekani aliyekuwa mkimbiza pikipiki za mashindano hadi ajali ya barabarani Uingereza ilipompofusha 1978. Alijifunza kuandika programu. Mwaka wa 1987 yeye na Bill Joyce walianzisha kampuni, na 1989 wakatoa JAWS. Jina ni la kufurahisha, linamkumbusha mtu papa wa kwenye sinema, lakini ukiyafungua maneno yenyewe maana yake ni kufikia kazi kwa kutumia usemi. Kazi. Ajira. Ofisi.

Hapo ndipo napataka. Programu ambayo watoto wengi wasioona duniani walikuja kuitumia shuleni haikutengenezewa shule. Ilitengenezewa mtu mzima mwenye meza, bosi na mshahara, anayeandika barua na kujaza hesabu kwenye majedwali. Bei nayo ilikuwa ya ofisi: karibu dola 1,000 kwa leseni. Kwa dola ya 2006 hiyo ni shilingi 70,000 na kitu, kwa kompyuta moja. Mwajiri wa Florida analipa bila kukohoa. Shule yenye watoto 20 darasani inafanya hesabu mara moja na kufunga daftari.

Lakini JAWS ilikuwa na mlango wa nyuma, tena halali kabisa. Usipolipa, inafanya kazi dakika 40, kisha inanyamaza hadi uwashe kompyuta upya. Walioiweka walitaka ujaribu kabla ya kununua. Huku kwetu ikawa ndiyo programu yenyewe. Na si unajua lesoni ya sekondari Kenya ni dakika ngapi? Arobaini. Kengele na JAWS zinaisha pamoja.

Jamaa wa hosteli aliishi hivyo. Alikuwa na saa ya kuongea, na ikikaribia dakika ya thelathini na nane anahifadhi kazi, anazima, anawasha, anangoja, anaendelea. Laptopu yenyewe ilikuwa nzee, kwa hivyo kungoja kulikuwa kungoja. Ukimuuliza kama haimchoshi anakuambia hata wewe unachoka na Facebook na haijakuzuia. Kilichomkera ni kingine. Alikuwa anasomea ualimu wa Kiswahili, na mashine yake ilikuwa inasoma Kiswahili kwa sauti ya Kiingereza.

Tulikaa siku moja nikamsikiliza akisoma maandishi yake ya kozi. Fikiria injini iliyofundishwa Kiingereza ikikutana na “jina lake”. Inasema jina, halafu inasema ziwa. “Pole” inakuwa mlingoti. “Wake” inakuwa amka, “pale” inakuwa weupe wa mgonjwa, “mate” inakuwa rafiki wa Mwaustralia. “Ng'ombe” sitajaribu kuiandika. Mimi nilicheka. Yeye alikuwa ameshazoea kutafsiri papo hapo: anasikia neno la Kiingereza, anakisia tahajia, anairudisha kuwa Kiswahili, na wakati huo sauti imeshafika sentensi ya pili. Sasa mweke mtoto wa darasa la nne kwenye kiti hicho, ambaye ndio kwanza anajifunza lugha zote mbili.

Mabadiliko yalitoka Australia. Michael Curran na James Teh, wote wasioona, walikutana wakiwa watoto kwenye kambi ya muziki ya watoto wasioona. Aprili 2006 Curran, akiwa amekerwa na bei, alianza kuandika NVDA kwa lugha ya Python, na Teh akajiunga naye. Ni bure, bila ujanja wa dakika. Unaweza kuibeba kwenye flashi, ukaingia saiba yoyote ya mtaani, ukaichomeka na kompyuta ikaanza kukuongelesha.

Na NVDA ilikuja na eSpeak. Hii iliandikwa na Jonathan Duddington, ambaye alianza mwaka wa 1995 akitumia kompyuta za Acorn, kisha 2006 akaitoa kwa Linux. Inafanya kazi kwa njia ya ukoo wa Klatt, yaani kanuni badala ya rekodi, kwa hivyo ni ndogo sana, na kuongeza lugha hakuhitaji studio wala mamilioni. Kunahitaji mtu aandike kanuni za matamshi. Kiswahili kikaingia orodhani, na hapa lugha yetu ilijisaidia yenyewe: herufi karibu zote zina sauti moja tu, na mkazo unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kiingereza kinahitaji maelfu ya maneno ya kipekee ili kompyuta isiaibike. Kiswahili kinahitaji kanuni chache. Sauti bado ni ya roboti aliyemeza bati, lakini “lake” ni “lake”.

Kuna walimu wa breli ambao habari hizi haziwafurahishi sana, na nadhani wana hoja. Mtoto anayesikiliza tu haoni neno limeundwaje. “Ngoma” na “ng'oa” masikioni ni tofauti, lakini kwamba tofauti hiyo huandikwa kwa kijialama kidogo juu, utaijua tu ukiipapasa. Vifaa vya breli vya kuunganisha na kompyuta vimekuwa vikiuzwa kwa maelfu ya dola, kwa sababu kila nukta inainuliwa na kijiti cha fuwele cha bei ghali. Orbit Reader 20, iliyotangazwa 2016, ilibadilisha mtambo huo ikashusha bei hadi karibu dola 500, ikiwa na seli 20 na kadi ya kumbukumbu ya kuwekea vitabu. Kilimanjaro Blind Trust, ambao wako Nairobi, wamekuwa wakizigawa shuleni. Kwangu hicho ndicho kifaa kikubwa zaidi katika historia hii yote baada ya Perkins, na hakina sauti hata kidogo.

Wakati huo sisi wengine tulikuwa tunabishana kuhusu laptopu za darasa la kwanza zilizoahidiwa 2013, ambazo mwaka wa 2016 zilifika zikiwa tableti. Tulibishana kuhusu bei, wizi na stima. Sikumbuki mtu kwenye basi akiuliza zitamwongelesha mtoto asiyeona kwa lugha gani.

Siku hizi Microsoft ina sauti za Kiswahili laini kabisa. Za Kenya zinaitwa Zuri na Rafiki, za Tanzania Rehema na Daudi. Zinapumua mahali pa kupumua. Zinakaa kwenye seva za kampuni, kwa hivyo bando ikiisha nazo zinanyamaza, na eSpeak inaendelea na bati lake mdomoni. Wote wanne ni sauti za watu wazima. Kit, mtoto wa Klatt, alianza kuongea Kiingereza mwaka wa 1984.