Tani Isiyojua Mizani

Huku kwetu Karagwe na Kyerwa, tani ni kahawa. Mkulima hupeleka magunia yake chama cha msingi, yakapimwa, na kilo 1,000 zikitimia ndipo neno hilo hutamkwa. Kijana wa huku akisoma habari za mashua ya "tani tano" atadhani kuna mahali ilipopimwa uzito. La hasha. Tani ya baharini ilizaliwa katika pipa la mvinyo, ambalo Waingereza waliliita tun. Meli ilikadiriwa kwa mapipa iliyoweza kubeba, nayo tani ikawa nafasi.

Mashindano ya mashua za tanga nchini Uingereza yaliazima kipimo hicho katika kupanga madaraja. Kanuni ya Thames, ya miaka ya 1850, iliagiza hivi: toa upana katika urefu, zidisha kwa upana, zidisha tena kwa nusu ya upana, kisha gawanya kwa 94. Tazameni, enyi mnaohesabu silabi: upana umeingia mara tatu, kina hakikupimwa, tanga halikutajwa. Mafundi wakafanya kama mtunzi anayekimbizana na mizani. Walibana kilichohesabiwa, wakajimwaga katika kisichohesabiwa. Mashua zikawa nyembamba kama ubao uliosimamishwa kwa ubavu, zikazama kina, zikafungwa risasi nzito mkukuni ili zistahimili matanga makubwa.

Kanuni ilirekebishwa mwanzoni mwa miaka ya 1880, lakini upana ukaendelea kuadhibiwa. Oona, mashua ya daraja la tani tano, ilikuwa na urefu wa meta 10 hivi majini na upana usiofika meta 1.7. Mwaka 1886 ilipotea katika dhoruba pwani ya Ireland, na mbunifu wake, William Evans Paton, akafa humo. Inkisari zetu hukata silabi tu, haziui mtu. Mwaka huohuo Waingereza waliiacha tani, wakapima urefu wa mashua na ukubwa wa tanga.

Neno lenyewe halikufa. Wafaransa walianzisha Kombe la Tani Moja, likashindaniwa mara ya kwanza mwaka 1899 kwa kanuni yao wenyewe. Lilipofufuliwa mwaka 1965, lilitolewa kwa mashua za kanuni nyingine kabisa, kila moja ikiwa na uzito wa tani kadhaa, na hakuna aliyeona haja ya kulibadili jina.