Mnara wa Beit al-Ajaib

Kwa zaidi ya karne moja, msafiri aliyekuja Unguja kwa njia ya bahari alipokewa kwanza na mnara wa saa uliotokeza mbele ya Beit al-Ajaib, pale Forodhani. Ni wepesi kudhani kwamba mnara na jumba viliinuka pamoja. Sivyo.

Seyyid Barghash bin Said alilijenga jumba hilo mwaka 1883, si kwa makazi bali kwa dhifa na sherehe za kifalme. Lilizungukwa na mabaraza mapana yaliyobebwa na nguzo za chuma, na baadaye likapata umeme na lifti. Ndipo watu wakaliita la ajabu. Mnara wa zama zake ulisimama peke yake, upande wa pwani, ukiwa na taa ya kuongozea vyombo.

Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Seyyid Hamad bin Thuwaini, na Khalid, mwana wa Barghash, akalishika kasri bila ridhaa ya Waingereza. Siku ya pili yake baada ya kesho, saa tatu asubuhi, manowari za Kiingereza zilizotia nanga bandarini zikafyatua mizinga. Haikutimia saa nzima. Upande wa Khalid waliuawa na kujeruhiwa watu wapatao 500; upande wa pili alijeruhiwa vibaya baharia mmoja. Wapenda rikodi huviita vita vifupi kuliko vyote duniani, sifa isiyo na utamu wowote kwa mji uliozika watu wake. Khalid alikimbilia kwa Wajerumani, na Seyyid Hamoud bin Muhammed akatawazwa.

Beit al-Hukm, jirani yake, ilibomoka. Mnara wa pwani nao ukaharibika. Jumba lenyewe lilinusurika. Katika matengenezo yaliyofuata, mwaka 1897, ndipo ulipojengwa mnara mpya, ukaunganishwa na jumba usoni. Sura iliyochapwa katika kadi za posta na vitabu vya watalii, basi, ni sura ya baada ya mizinga.

Jumba likawa baadaye afisi za serikali, kisha makumbusho. Mwaka 2012 sehemu yake moja iliporomoka. Tarehe 25 Disemba 2020, ukarabati uliogharimiwa na Oman ukiwa unaendelea, mnara ulianguka pamoja na upande mzima wa mbele, wakafa watu wawili. Kuujenga upya ni kuurudisha uso wa 1897. Barghash, aliyefariki mwaka 1888, hakuuona kamwe.