Nani Asahihishe Ukurasa? Uchapaji wa Arua na Koboko, kutoka Stensili hadi PDF

Historia ya uchapaji katika Arua na Koboko husimuliwa kama mfululizo wa mashine: taipureta, stensili, kompyuta, printa, simu. Kila mashine mpya huhesabiwa kuwa hatua mbele. Lakini ukiitazama kazi yenyewe, hasa ile ya lugha zenye wasomaji wachache, kuna swali lililoamua mengi zaidi ya mashine: ukurasa ukishapangwa, je, mtu asiye na vifaa vya aliyeupanga anaweza kuufungua na kuusahihisha? Nashikilia kwamba katika West Nile, eneo la Uganda lenye Arua na Koboko, jibu la swali hilo ndilo limeamua maandishi yapi yanabaki mikononi mwa wenye lugha. Kwa kipimo hicho kompyuta ilileta uzuri wa kurasa, lakini ikaondoa uwezo mmoja ambao stensili ilikuwa nao, na uwezo huo hatujaurudisha.

Kusahihisha ni jambo zito huku kwa sababu ya mipaka na lahaja. Eneo hili lilikuwa sehemu ya Lado, iliyokodishwa kwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Alipofariki likaingia Sudan, na mwaka 1914 West Nile ikahamishiwa Uganda. Wakakwa wakajikuta katika nchi tatu, upande wa Koboko, upande wa Yei na upande wa Kongo. Walugbara wakagawanyika kati ya Uganda na Kongo. Mkutano wa lugha uliofanyika Rejaf mwaka 1928 uliweka utaratibu wa kuandika lugha za Sudan ya Kusini, kikiwemo Kibari, ambacho Kikakwa ni ndugu yake wa karibu kabisa. Ndiyo maana herufi ŋ imo katika maandishi ya Kikakwa. Kilugbara nacho kina 'b, 'd na 'y, ambazo si sawa na b, d na y za kawaida. Biblia nzima ya Kilugbara ilitoka mwaka 1966, lakini mjadala wa tahajia haukuishia hapo. Mtaala wa mwaka 2007, uliotaka watoto wa darasa la kwanza hadi la tatu wafundishwe kwa lugha ya nyumbani, uliongeza haja ya vijitabu. Kijitabu cha aina hiyo hakiwezi kutoka sawasawa mara ya kwanza: lazima msemaji wa Kilugbara cha Terego akione, na wa Maracha, na wa Ayivu, kisha kirekebishwe.

Enzi ya stensili, marekebisho hayo hayakuhitaji ruhusa ya mtu. Mpiga taipu aliondoa utepe wa taipureta, herufi za chuma zikakata nta ya karatasi, na wino ukapenya kwenye mikato hiyo ndani ya mashine ya saiklostaili. Taipureta ya kawaida haikuwa na ŋ. Palipohitajika, iliwezekana kupiga n, kisha kuichorea mkia kwa kalamu ya chuma. Kosa lilipakwa dawa ya kuziba, likaachwa likauke, na neno sahihi likapigwa juu yake. Chapa ilikuwa hafifu, na stensili ilichakaa upesi. Hata hivyo, vyombo vyote vya kusahihisha vilikuwa jicho, kalamu na chupa ya dawa, na aliyejua lugha ndiye aliyevishika.

Mwaka 1985 kampuni ya Aldus ilitoa PageMaker kwa kompyuta za Macintosh, ikitegemea lugha ya PostScript ya Adobe na printa ya leza ya Apple. Mwaka 1991 Microsoft ikatoa Publisher. Mtu mmoja mezani akaweza kufanya kazi iliyokuwa ya kiwanda kizima. Tatizo ni kwamba kila programu ilihifadhi kazi kwa namna yake: faili ya Publisher ilimtaka mwenye Publisher, na asiyekuwa nayo alibaki na flashi isiyomsaidia. Fonti zilizidisha shida. Kabla mfumo wa herufi wa Unicode haujaenea, fonti ilikuwa na nafasi 256 tu, na waliotaka ŋ waliipachika mahali pa alama nyingine. Faili hiyo ikifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti ile, ile alama ya awali huchomoza katikati ya neno, na ukurasa mzima hausomeki. Umeme nao ulikuwa haba: kabla ya kituo cha Nyagak chenye megawati 3.5 kuanza kazi mwaka 2012, Arua ilitegemea jenereta. Kompyuta yenye programu, fonti na umeme kwa wakati mmoja haikuwa kitu cha kukutwa kila mahali.

PDF, iliyotolewa na Adobe mwaka 1993, ilikuja kutibu maradhi hayo. Faili ya PDF inaweza kubeba fonti zake ndani yake, programu ya kuisomea ikaja kutolewa bure, na mwaka 2008 PDF ikawa kiwango cha kimataifa cha ISO. Faida yake kwa mji kama Koboko haibezeki: kijitabu kilichopangwa Kampala hufika kwa simu na kuchapwa bila herufi kubadilika. Ila PDF iliundwa ili ukurasa ubaki ulivyo. Chukua herufi 'b. Programu nyingi za kuandikia zikikuta alama hiyo mwanzoni mwa neno hudhani ni nukuu inayofunguliwa, zikaigeuza kuwa ‘b badala ya ’b. Mhariri wa Arua akikuta kosa hilo kila ukurasa, hana la kufanya ila kuandika orodha na kuituma kwa mpangaji wa kurasa. Mpangaji hajui Kilugbara, na anayekijua hana faili. Mkataba wa mpangaji ukiwa umekwisha, kosa huenda kiwandani na mtoto wa darasa la kwanza hulisoma kama ndiyo tahajia.

Wakiombwa faili ya kazi, wapangaji wana pingamizi la haki. Faili iliyo wazi huchezewa: vyeti hughushiwa, nembo hubadilishwa, na jasho la mtu hutumiwa bila malipo. Nakubali kwamba cheti na barua rasmi zibaki zimefungwa. Lakini kitabu cha kusomea kimetengenezwa ili kitumike na kuboreshwa, na haki ya mpangaji hulindwa kwa bei inayokubaliwa mapema. Akitaka kulipwa zaidi kwa kutoa faili ya kazi, alipwe. Wengine husema suala limepitwa na wakati, kwa kuwa siku hizi usanifu hufanyika mtandaoni na kivinjari kinatosha. Hawa wanasahau tuliyoyaona. Kuanzia Julai 2018 Mganda alitozwa shilingi 200 kwa siku ili atumie mitandao ya kijamii. Julai 2021 kodi hiyo ikabadilishwa kuwa asilimia 12 ya bei ya data. Na wakati wa uchaguzi wa Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Kazi inayoishi kwenye akaunti ya mbali haikufunguka siku hizo, hata kwa mwenyewe.

Njia nyingine imekwisha kujaribiwa. Mradi wa African Storybook wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, uliofungua tovuti yake mwaka 2014, una hadithi za Kilugbara ambazo mtu anaruhusiwa kuzipakua, kuzichapa, kuzitafsiri na kuzirekebisha. Fonti za shirika la SIL zenye ŋ hutolewa bure chini ya leseni inayoruhusu kuzigawa. Scribus, programu ya kupanga kurasa, ni ya bure, na LibreOffice hufungua faili za Publisher, ingawa mpangilio huteleza. Vyombo vipo, kinachokosekana ni desturi. Bodi ya lugha, wilaya au shirika linaloagiza kitabu cha Kilugbara au Kikakwa lidai vitu vitatu kabla ya kulipa: PDF ya kuchapa, faili ya kazi inayofunguka kwa programu ya bure, na fonti zilizotumika, vyote kwenye flashi moja inayobaki Arua au Koboko. Sharti hilo liandikwe katika mkataba tangu siku ya kwanza, kwa maana kitabu ambacho wenye lugha hawawezi kukisahihisha bado hakijakabidhiwa kwao.