Gari la Gesi Linapokosa Nguvu Nyanda za Juu: Namna ya Kutambua Chanzo cha Tatizo

Magari yaliyofungwa mfumo wa gesi asilia iliyoshindiliwa, maarufu kama CNG, yameongezeka nchini, hususan jijini Dar es Salaam, na baadhi yake hufika Makambako, Njombe mjini na hata Uwemba yakiwa na abiria au mizigo. Wamiliki wake hukumbana na malalamiko yanayofanana: gari lililotembea vizuri Dar es Salaam linakuwa zito mlimani, linazima asubuhi au linamisi, na lawama yote huelekezwa kwenye gesi. Mara nyingi lawama hiyo si ya haki, na mwananchi hulipia matengenezo ya mfumo ambao haukuwa na kasoro.

Gesi hiyo, ambayo nchini huzalishwa Songo Songo mkoani Lindi na Mnazi Bay mkoani Mtwara, huhifadhiwa ndani ya mtungi kwa shinikizo linalofikia takriban baa 200. Kabla ya kuingia kwenye injini hupita katika regyuleta, kifaa kinachopunguza shinikizo, kisha kwenye kichujio na nozeli zinazoipuliza katika njia ya hewa. Mfumo wa petroli hauondolewi, na dereva huchagua nishati kwa kubonyeza swichi. Swichi hiyo ndiyo kipimo cha kwanza, nacho hakigharimu kitu.

Injini ikishapata moto, dereva aendeshe gari kwa gesi, kisha abadili kwenda petroli na kurudia barabara ileile kwa mwendo uleule. Tatizo likijitokeza katika nishati zote mbili, chanzo kiko kwenye injini yenyewe: plagi, koili, kichujio cha hewa kilichojaa vumbi au mpira wa hewa uliopasuka. Likitoweka kwenye petroli, uchunguzi uelekezwe upande wa gesi, kuanzia kiasi kilichobaki na vali ya mtungi ambayo pengine haikufunguliwa hadi mwisho, kabla ya kufika kwenye kichujio, nozeli na mpangilio wa kompyuta ya gesi.

Ipo plagi inayodanganya. Gesi asilia huhitaji cheche yenye nguvu zaidi kuliko petroli, hivyo plagi iliyochoka au waya wake uliopasuka unaweza kuvumilia petroli na kushindwa kwenye gesi. Fundi makini huzitazama plagi kabla ya kugusa regyuleta, hata pale kipimo cha swichi kinapoonesha kuwa tatizo ni la gesi.

Kwa wakazi wa Njombe kuna jambo la ziada. Uwemba iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho hewa ni nyepesi kwa takriban moja ya tano ikilinganishwa na pwani. Injini isiyo na taboni hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, iwe inatumia petroli au gesi. Gesi nayo, kwa kuwa huchukua nafasi ya sehemu ya hewa ndani ya injini, hupunguza nguvu kidogo zaidi. Gari linalopanda taratibu kuliko lilivyozoeleka Kibaha si lazima liwe bovu. Linalostuka, kukata moto au kuwasha taa ya tahadhari ya injini ndilo la kupelekwa gereji.

Umbali nao una sehemu yake. Kutoka Dar es Salaam hadi Makambako ni zaidi ya kilomita 600, ilhali vituo vya kujaza gesi vimejikita zaidi Dar es Salaam na Pwani. Kwa gari dogo lenye mtungi mmoja, gesi huisha mapema, na Mlima Kitonga hupandwa kwa petroli. Hapo ndipo uzembe wa mjini hujidhihirisha. Dereva aliyezoea gesi huacha tangi la petroli likikaribia kukauka kwa miezi, na pampu iliyo ndani ya tangi, ambayo hupozwa na petroli hiyohiyo, huungua. Petroli iliyokaa muda mrefu nayo huziba nozeli zake. Inafaa tangi lisishuke chini ya robo, na gari liendeshwe kwa petroli kilomita chache kila wiki.

Asubuhi za Juni hadi Agosti, Njombe ikiwa na baridi kali, gari huchelewa kuhamia kwenye gesi. Hiyo si kasoro. Gesi inaposhuka shinikizo hupoa sana, na regyuleta hupashwa joto na maji ya rediyeta. Kompyuta husubiri maji hayo yapate moto. Kasoro ni pale regyuleta inapofanya barafu baada ya safari ndefu, dalili kwamba maji yamepungua au hewa imenasa kwenye mabomba yake. Kiwango cha maji kikaguliwe injini ikiwa imepoa, kamwe si ikiwa ya moto.

Harufu ya gesi haina majaribio. Dereva azime injini, ashushe abiria, afunge vali ya mtungi kwa mkono iwapo inafikika salama, afungue milango na asitumie simu wala kiberiti karibu na gari. Uvujaji hutafutwa na fundi kwa povu la sabuni, si kwa moto. Aidha, mtungi wa gesi ya kupikia usifungwe kwenye gari la CNG kwa namna yoyote: shinikizo lake halifikii hata sehemu ya kumi ya lile la gesi asilia, na ukijazwa CNG utapasuka. Mtungi halali huwa na tarehe ya kupimwa iliyogongwa kwenye chuma au kuandikwa kwenye kibandiko chake, na mnunuzi wa gari lililotumika anapaswa kuisoma kabla ya kulipa.