Likasi: Nyumba Ilipofuata Cheo

Komini nne za mji wa Likasi nchini Kongo, yaani Likasi, Kikula, Panda na Shituru, kila moja ilikuwa na watu wake. Enzi mji ulipoitwa Jadotville, Wazungu walikaa katikati, kwenye nyumba zenye bustani. Kikula ilikuwa mtaa wa Waafrika, wakiwemo wachuuzi na mafundi ambao hawakuajiriwa na kampuni ya madini. Panda na Shituru, jirani na viwanda, zilikuwa na kambi za kampuni yenyewe, Union Minière du Haut-Katanga.

Kampuni hiyo iliundwa mwaka 1906, na mwanzoni ilitegemea vibarua wa muda mfupi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabadili mwendo: mkataba wa miaka mitatu, na mfanyakazi aje na mke wake. Nyumba za kambi zikajengwa kwa mistari. Posho ilipimwa kwa kuangalia ukubwa wa familia: unga wa mahindi, mafuta ya mawese, chumvi. Zahanati na shule nazo zilikuwa mkononi mwa mwajiri. Aliyeachishwa kazi alipoteza mshahara, chakula na paa kwa mpigo mmoja.

Utegemezi huo haukuwanyamazisha watu. Desemba 1941 wafanyakazi wa Panda na Shituru waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Mgomo ukafika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, ambako tarehe 9 wanajeshi waliwapiga risasi wagomaji uwanjani na kuua makumi.

Kampuni ilitaifishwa mwaka 1967, na baadaye ikajulikana kama Gécamines. Makada Wakongomani wakaingia katika nyumba walizoziacha Wazungu. Wafanyakazi wa chini wakabaki kambini. Ubaguzi wa rangi ukapungua, ule wa cheo ukabaki na anwani zake.

Mji wa Kakanda nao, kwenye ukanda wa shaba kati ya Likasi na Kolwezi, uliishi kwa mgodi na kiwanda cha Gécamines. Katika mji wa namna hiyo, kampuni ikikohoa kila nyumba inaugua.

Na ilikohoa vikali. Mwaka 1986 Gécamines ilizalisha takriban tani 476,000 za shaba. Katikati ya miaka ya 1990 haikufikisha hata tani 50,000. Mishahara ikachelewa miezi na miezi. Mwaka 2003, katika mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 waliondoka kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Wengi walikuwa wamezeeka katika kazi hiyo, na malipo waliyopewa hayakuweza kuchukua nafasi ya posho, hospitali na shule walizokuwa wakizipata kambini.

Tangu hapo kinachoamua mtu akae wapi ni mfuko wake, na watoto wa kambi nao walilipa gharama ya mabadiliko hayo.