Sebule: Chumba kilichomlaza mgeni wa msimu

Muulize mwanafunzi wa Nairobi sebule ni nini, atakujibu bila kusita kuwa ni pale penye makochi na televisheni. Hajakosea. Kamusi zetu nazo husema vivyo hivyo, kwamba ni chumba cha kupokelea wageni na kuzungumzia. Lakini katika nyumba za mawe za mtaa wa Mkomani, kisiwani Lamu, neno hilo hutamkwa sabule, na chumba chenyewe hakikuwa cha kuketi tu. Mgeni alilala humo. Alilala wiki kadhaa, pengine miezi.

Haya yalinijia nilipolala siku nne katika mojawapo ya nyumba hizo, iliyokarabatiwa na kugeuzwa nyumba ya wageni. Unalipia kitanda, na asubuhi unaandaliwa mahamri, mbaazi na chai ya iliki. Yupo mwenzangu chuoni anayeshikilia kuwa biashara hii inaudhalilisha utamaduni, eti nyumba ya Mswahili haikuwahi kuwa gesti. Simkubalii, na shahidi wangu ni wa zamani mno.

Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, alipita pwani hii mwaka 1331. Anasimulia kwamba chombo kilipofika Mogadishu, vijana wa mji walikilaki kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimpa mfanyabiashara mmoja sahani yake na kutangaza kuwa huyo ni mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara alishukia kwa mwenyeji huyo, na mwenyeji ndiye aliyemuuzia na kumnunulia bidhaa. Aliyenunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au aliyemuuzia kitu bila mwenyeji wake kuwapo, biashara yake ilihesabiwa batili.

Huo ulikuwa ukarimu, naam, ila ukarimu wenye hesabu. Methali yetu ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ni ya mkulima. Mwenye jahazi aliyekuja na kaskazi kutoka Arabuni au Bara Hindi hangeweza kurudi kabla ya kusi kuanza kuvuma. Utampa jembe gani mtu anayesubiri upepo? Ilibidi apewe chumba.

Na chumba hicho kilipangwa kwa akili. Ukiingia katika nyumba ya Lamu ya karne ya 18, unaanzia kwenye daka, ukumbi wa mlangoni wenye viti vya mawe pande zote mbili. Unapita tekani, unapinda, unatokea kiwandani, yaani uani kusiko na paa. Unapinda kwa sababu macho ya mpita njia hayakutakiwa yafike ndani. Kutoka kiwandani unaingia msana wa tini, kisha msana wa yuu (Kiamu husema tini na yuu pale Kiswahili sanifu kinaposema chini na juu), halafu chumba kiitwacho ndani, na nyuma kabisa nyumba kati. Vyumba hivi ni virefu na vyembamba, upana usiozidi mita 3 hivi, kwa kuwa dari hubebwa na boriti za mikoko na boriti ina urefu wake. Kadiri unavyosonga ndivyo giza linavyozidi, na ndivyo siri ya nyumba inavyozidi. Ukuta wa ndani ulipambwa kwa zidaka, vishubaka vya lipu ya chokaa vilivyowekwa vyombo vya kaure kutoka China. Nyumba kati ilihusiana na uzazi na mauti: humo mwanamke alijifungua, humo maiti aliandaliwa.

Sabule ilikaa kando ya safari hiyo yote, karibu na kiwanda au orofani, mara nyingi na ngazi yake. Mgeni alipanda na kushuka bila kukatiza mbele ya wanawake wa nyumba. Aliheshimiwa kwa kupewa mahali, na kwa kuwekewa mpaka.

Tusipambe mambo, lakini. Nyumba hizi zilisimama kwa jasho la watumwa, waliochota maji na kulima mashamba ya bara. Utumwa ulipofutwa na sheria mwaka 1907, na Mombasa ikawa na reli na bandari kubwa, utajiri wa Lamu ulinyauka. Kuta za matumbawe zisipopakwa chokaa huanza kumomonyoka. Baadhi ya familia ziliuza. Kuanzia miaka ya 1970 wanunuzi wengi walitoka Ulaya, na UNESCO ilipouingiza mji huo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, bei nazo hazikushuka. Fedha za watalii ndizo zilizookoa nyingi ya kuta hizi. Hilo mwenzangu wa chuoni hapendi kulisikia.

Ninachokilalamikia ni kingine. Katika nyumba niliyolala, vyumba vimepewa majina ya viungo: Mdalasini, Karafuu, Iliki. Mimi nililazwa Karafuu, na Karafuu ni ndani, chumba ambacho mgeni wa msimu hangethubutu kukanyaga. Nyumba kati imekuwa bafu. Zidaka zimewekwa chaja za simu. Mtalii analala pahali pa siri kuliko pote na kuondoka bila kujua, kwa kuwa jina la chumba ambalo lingemwambia limeondolewa mlangoni.

Sabule yenyewe niliitafuta. Ipo, orofani, ngazi yake ingali nzima. Inawekewa mashuka na taulo. Msimamizi, kijana wa papo hapo Lamu, aliniambia nyanya yake alikuwa akikiita chumba hicho sabule. Yeye hukiita stoo.